Mfuko wa Kushoto

Kwa miaka kumi na tisa nilishona nguo upande mmoja wa ubao, na yeye akatengeneza televisheni upande wa pili. Ubao wenyewe ulikuwa plaiwudi tu na haukufika dari wala mlangoni, kwa hivyo nilimwona kutoka kwenye cherehani yangu, nikasikia kila alichosema, naye akasikia kila nilichosema, pamoja na yale ambayo sikutaka asikie. Duka lilikuwa moja, tumeligawa, kwenye kichochoro nyuma ya soko hapa Eldoret. Mteja akiingia na kuuliza kama fundi yuko, tulikuwa tunaitika wawili. Siku moja mwenzangu akachoka. Akasema lazima mmoja wetu aliache hilo jina, na kwa kuwa mimi nina watoto watatu na tayari naitwa Mama kila mahali, basi nibaki na Mama, yeye abaki na Fundi. Nilinuna wiki nzima. Kwani kushona si ufundi? Lakini ikashika hivyo, na hata leo nikisema Fundi bila kuongeza neno, watu wa kichochoro chetu wanajua ni yeye.

Naandika habari zake kwa sababu kuna jambo nililomfanyia nikalinyamazia miaka sita. Watu wanajua Fundi aliacha kazi kwa kuwa uzee ulimwingia kichwani. Hivyo ndivyo alivyowaambia mwenyewe, wakamwamini. Haikuwa kweli, na mimi peke yangu ndiye niliyejua haikuwa kweli. Neno moja kutoka kwangu lingemrudishia kazi yake. Nitafika huko. Kwanza nataka mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo hamtaelewa ni kitu gani nilichoharibu.

Mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni. TV za zamani, zile za mgongo mkubwa, zina kioo kizito chenye shingo kwa nyuma, na umeme unaoingia kwenye kioo hicho ni mkali kuliko huu wa ukutani. Fundi alinieleza hivi: ukigusa kwa mikono miwili, umeme unaingia mkono huu na kutokea ule, na katikati ya safari hiyo ndipo moyo ulipo. Ukigusa kwa mkono mmoja, barabara imefungwa. Kwa hivyo TV ikiwaka na mgongo wake uko wazi, Fundi alipima kwa mkono wa kulia na wa kushoto akauzamisha mfukoni hadi kwenye kifundo. Alikuwa amefanya hivyo tangu ujana. Hakuhitaji tena kukumbuka.

Shida ni kwamba mkono ulizoea kupita kiasi. Alikunywa chai mkono uko mfukoni. Alisimama kanisani mkono uko mfukoni, na kuna mzee wa kanisa aliyemnunia miaka miwili akidhani ni madharau. Siku wakwe walipokuja kuzungumza habari za binti yake, mjomba wa upande wa pili alimwambia mbele ya watu kwamba hapa kwetu mtu hasalimii wageni kama anatafuta funguo. Fundi akautoa mkono, akaomba msamaha, na dakika chache baadaye alikuwa ameukalia. Alinisimulia kesho yake bila kucheka, akiuliza kama ndoa inaweza kuvunjika kwa jambo kama hilo. Mimi ndiye niliyecheka, hadi sindano ikanichoma.

Aliheshimu umeme wa TV kuliko alivyoheshimu watu wengi. Hakukubali useme TV imekufa. Hata ukiichomoa ukutani, alisema, kile kioo kinabaki na umeme ndani yake, na kinaweza kukaa nao muda mrefu kikikungoja. "Imezimwa," alikuwa anasema, "lakini haijatulia." Kuituliza ilikuwa kazi yake ya kwanza kila mara. Alikuwa na bisibisi ndefu iliyofungwa waya, mwisho wa waya unashikizwa kwenye chuma cha kioo, na ncha ya bisibisi anaisukuma polepole chini ya kile kikombe cha raba kilichobandikwa ubavuni mwa kioo. Ungesikia tak! Anangoja kidogo, anarudia, maana umeme mwingine hujificha na kurudi. Mara ya tatu akikosa kusikia kitu, ndipo anaruhusu pumzi imtoke. Mteja mmoja mwenye haraka aliwahi kuingiza mkono kabla ya mara ya tatu ili amwonyeshe Fundi mahali panapotoa moshi. Fundi alimchapa kwenye kifundo cha mkono kwa rula yangu ya mbao. Mtu mzima, mwenye tai. Yule bwana alitaka kuzua ugomvi, lakini Fundi akamwambia akitaka kufa aende akafie kwake, hapa kuna Mama anashona nguo za harusi.

Ugonjwa wa TV aliutafuta kwa pua kwanza. Ule umeme mkali ukivuja hutoa harufu kama ya hewa baada ya radi kupiga karibu. Kisha alitumia sikio, kwa sababu hulia taratibu kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye karai. Kisha jicho, na hapo ndipo alipokuwa ananihitaji. Ukivuja, hutoa cheche ndogo ya buluu ambayo huwezi kuiona mchana, na Fundi hakufanya kazi usiku, alikuwa mtu wa kulala mapema. Basi alikuwa anaazima bitana yangu nyeusi, mita nne, anajifunika nayo kichwa pamoja na TV yote, na unabaki kuona ubavu wake na miguu yake. Huko chini ya kitambaa alikuwa anaongea na ile TV kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akitumia kwa binadamu. "Haya, nionyeshe. Pole pole. Ni wapi panauma?" Mtu huyo huyo aliyechapa wateja.

Mara nyingi kosa lilikuwa kwenye kitu walichokiita flaibeki, kile kidude kinachoukuza umeme hadi uwe mkali. Kikipata ufa mwembamba kama unywele, TV inaanza kuwaka na kuzimika, sauti ipo, picha hakuna. Mafundi wengine walikuwa wanabadilisha vitu kwa kubahatisha mpaka wapate. Fundi alikataa kubahatisha. Angekaa siku tatu juu ya TV moja, na akipata kosa alilitaja kwa sauti, "Ni wewe," kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. Akimaliza, aliandika kwenye kikaratasi alichokiona na alichokifanya, akakibandika ndani ya mgongo wa TV kabla ya kuufunga. Alisema fundi atakayeifungua baada yake asianze na giza.

Na kulikuwa na sheria. TV ikiwaka na mgongo uko wazi, hakuna kumsemesha. Nilijifunza mwaka wa kwanza. Nilimwita chai akiwa ndani ya kitambaa, akaruka, akatoka amepauka uso, na hakuniongelesha siku tatu. Siku ya nne akanieleza kwa upole kwamba mtu akiitwa hugeuka, na akigeuka mikono inasahau. Tangu siku hiyo sikuwahi kufungua mdomo TV ikiwaka. Duka likishika moto ningemwandikia barua.

Msidhani alikuwa jasiri. Mvua za alasiri za huku kwetu zikianza kunguruma, alichomoa kila kitu, akaja upande wangu akakaa katikati ya vitambaa, akinieleza kwamba haogopi. Na nyumbani kwake hakuwa na TV. Alikuwa na redio ndogo ya betri. Nilipomuuliza sababu, alisema daktari hali chakula cha jioni na wagonjwa. Binti yake aliniambia baadaye kwamba alikulia kwa majirani, akienda kutazama vipindi kwa watu, na baba yake akitengeneza TV za nusu ya mji. Alisema hilo kwa uchungu, na sikumlaumu.

TV bapa zilipokuja, wateja walipungua. Hakuzitukana. Alisema tu kwamba zile unabadilisha, hutengenezi, na akaziachia vijana wa barabara kuu. Waliobaki kwake walikuwa watu wenye sababu. Mfugaji mmoja wa Kapseret alikuja na TV imefungwa nyuma ya bodaboda kwa mipira, yeye mwenyewe amekaa ameigeukia ameikumbatia njia yote, kwa sababu mkewe aliyefariki ndiye aliyeinunua. Fundi aliichukua kama anapokea mtoto mchanga. Hakumuuliza kwa nini asinunue nyingine. Wateja wa namna hiyo hakuwaongelesha vibaya hata mara moja.

Sasa mfuko. Fundi aliusukuma mkono wake kwa nguvu hivi kwamba kila baada ya miezi michache mfuko wa kushoto wa koti lake la kazi ulitoboka chini, na mimi nikaushona. Nilikuwa namtania kwamba mfuko huo umekula uzi kuliko nguo za kwaya nzima. Hatimaye niliamua kuumaliza huo ugonjwa. Nikanunua kipande cha turubai, na Jumatatu moja asubuhi, kabla hajafika, nikalitoa koti kwenye msumari, nikaufumua mfuko wote ili nimwekee mwingine wa turubai ambao hautatoboka tena.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kufumua wakati mama mmoja alipokuja kuniita. Binti yake alikuwa duka la jirani na gauni la harusi lililokataa kufunga mgongoni. Nikalirudisha koti kwenye msumari wake. Hilo ndilo kosa langu, na ni dogo sana ukilitazama. Mshonaji hawezi kutupa nguo ya mtu juu ya meza, anaitundika. Niliitundika mahali pake ilipozoea.

Niliporudi na gauni mkononi, Fundi alikuwa amefika, amevaa koti, amejifunika bitana yangu, na TV inawaka. Ilikuwa TV kubwa ya sanduku la mbao, ya muuguzi mstaafu kutoka Plateau, na ilikuwa imemsumbua tangu Ijumaa. Nikaona ubavu wake wa kushoto. Pale mfuko ulipokuwa, kitambaa kilikuwa cha buluu ya kukolea kuliko kwingine, na nyuzi zilikuwa zinaning'inia.

Niliona. Hilo lazima niliseme wazi. Niliona, nikajua, na nikanyamaza. Nilijiambia TV inawaka, na sheria ni sheria. Nilijiambia atatoka sasa hivi. Na ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa na gauni la watu mkononi na harusi Jumamosi, nikaketi kwenye cherehani.

Mkono wake wa kushoto ulitoka chini ya kitambaa ukashuka kiunoni. Ukatafuta. Ukapapasa mara moja, ukapapasa mara ya pili, ukateleza juu ya koti. Haukupata pa kuingia. Kisha, kwa uchovu tu, ukapumzika kwenye chuma cha ndani ya ile TV.

Hakupiga kelele. Alirushwa nyuma na bitana yote, akaangukia ubao, na ubao ukaanguka upande wangu. Nilichomoa waya ukutani nikipiga mayowe. Majirani wakaja, wakamvua koti ili apumue, wakambeba mbio hadi hospitali. Alikuwa anapumua. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeungua.

Mimi nikabaki dukani. Koti lilikuwa chini, limekanyagwa. Nikaliokota, nikalikung'uta, nikakaa kwenye cherehani, nikashona mfuko. Si ule wa turubai. Niliurudisha ule ule wa zamani, kwa uzi ule ule, nikifuata matundu ya sindano yaliyokuwepo. Nikapiga pasi. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa nataka kuficha. Wakati ule nilihisi tu kwamba nina kazi ambayo sijamaliza. Lakini mikono yangu ilijua inachofanya, kwa sababu sikuacha alama yoyote. Binti yake alipofika alasiri kuchukua vitu vya babake, nilimpa koti limekunjwa vizuri.

Siku ya tatu nilienda kumwona na machungwa. Alikuwa amekaa kitandani, koti liko magotini. Alikuwa ameliomba mwenyewe. Aliingiza mkono wa kushoto mfukoni, akautoa, akauingiza tena, mbele yangu. Kisha akaniambia, "Mfuko uko hapa, Mama. Mkono ulitoka wenyewe, na mimi sikujua."

Niliyapanga machungwa juu ya kikabati cha kando ya kitanda. Yalikuwa sita. Niliyapanga, yakaanguka, nikayapanga tena.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali alifunga duka. Mwili ulipona kabisa, hata vidole. Watu walikuja kumbembeleza, mfugaji wa Kapseret alikuja mara mbili, na wote aliwapa jibu moja, kwamba uzee umemwingia kichwani, na fundi asiyejua mkono wake uko wapi ataua mtu siku moja. Nilikuwa nimesimama hapo hapo akisema hivyo. Vyombo vyake akawagawia vijana wa barabara kuu, ile bisibisi ya waya akaitupa kwa sababu hakuna aliyejua ni ya nini. Akahamia Moi's Bridge kwa binti yake. Mwenye nyumba akanipa upande wa Fundi, nikatoa ubao, nikapata nafasi ya cherehani mbili zaidi. Biashara yangu ilikua. Mungu anisamehe, ilikua.

Mtauliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa wataniita muuaji. Mwezi wa pili niliogopa wataniuliza kwa nini sikusema mwezi wa kwanza. Baada ya mwaka nilijiambia amepumzika, ni mzee, amestahili kukaa juani. Nilikuwa namtumia salamu na sukari kupitia kwa watu. Kila Krismasi nilimshonea shati, na kila shati nililiwekea mfuko upande wa kulia, kwa sababu sikuweza kuutazama wa kushoto.

Mwaka huu binti yake alikuja dukani kuagiza sare za shule anayofundisha. Nikamuuliza habari za mzee. Akaniambia kisukari kimemla macho, sasa anaona mwanga tu. Halafu akasema jambo lingine, akipima kitambaa kwa mkono, kama jambo la kawaida. Alisema hata macho yalipokuwa mazima babake hakuwahi tena kugusa swichi ya taa. Alikuwa anakaa gizani akingoja mtu aje amwashie. Miaka yote hiyo. "Anasema mkono wake hauaminiki," akasema.

Nilienda Jumamosi iliyofuata. Ilikuwa wakati wa kuvuna, mahindi yameanikwa juu ya maturubai kando ya barabara yote ya Moi's Bridge. Fundi alikuwa amekaa nje, mgongo ukutani, kwenye kiti cha plastiki. Alinijua kwa sauti kabla sijamaliza kusalimu. Alifurahi sana. Akaniuliza habari za kichochoro, nani amekufa, nani amehama, kama bado naharibu mgongo kwa gauni za watu. Tukacheka. Nilitamani kuondoka nikiwa bado nacheka.

Nikamwambia, "Fundi, siku ile koti lako halikuwa na mfuko."

Alipapasa ubavu wake wa kushoto. "Ulikuwa. Niliushika hospitali."

Nikamweleza yote. Turubai, gauni, msumari, pasi. Uso wake ulikuwa umeelekea barabarani na macho yake hayakuwa yakitazama kitu. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Uliniona nimelivaa?"

"Nilikuona."

"Na hukusema."

"TV ilikuwa inawaka, Fundi. Wewe ndiye uliyesema tusikuongeleshe."

Aliinamisha kichwa kama mtu anayefikiria kazi. "Hakukuwa na haja ya kuongea," akasema. "Ungechomoa plagi."

Ilikuwa ukutani kando ya goti langu, waya wake ukipita chini ya ubao. Nilikuwa nachomekea pasi yangu hapo hapo. Kwa miaka sita nilikuwa nimeyahesabu yote niliyoweza kufanya siku ile, na kuichomoa kabla hakukuwahi kuniingia akilini, ingawa niliichomoa kwa mkono wangu alipokwisha kuanguka.

Nilianza kulia. Yeye hakulia. Aliniuliza kuhusu ile TV ya Plateau, kama ilipona. Nikamwambia mwenyewe alikata tamaa, akawapa watu wa vyuma vikuukuu. Akatikisa kichwa.

"Ilikuwa flaibeki," akasema. "Chini, upande wa ukutani. Niliiona cheche kabla umeme haujanirusha. Nimekaa hapa nikidhani hata hiyo niliota."

Binti yake alileta chai, akatutazama mmoja mmoja, akaviweka vikombe chini na kurudi ndani. Nikasema pole. Nikasema tena. Fundi alikuwa ameiweka mikono yake yote miwili magotini, akiifumbata na kuifumbua polepole.

"Miaka yote hiyo nilikuwa bado na macho, Mama," akasema.

Nilikaa mpaka chai ikapoa, kisha nikaenda kusimama barabarani kungoja matatu.